Ruka, Chesco

Saa nane na robo. Bati linalia kwa baridi,
Mafinga nzima imejifunika mpaka puani,
na mume wangu anateremka Kitonga
akiwa kitandani.

Najua kwa miguu. Wa kulia unatafuta breki,
unakanyaga shuka, unakanyaga goti langu,
unakanyaga tena. Mikono inakata kona
ambayo ukuta wetu hauna.
Kisha kiwiko. Kisha mimi sakafuni,
jino likiyumba kama msumari kwenye mbao mbichi.

Daktari alichora ini nyuma ya bahasha.
Likishindwa kuchuja, alisema, uchafu hupanda kichwani,
usiku unageuka mchana.
Akatuandikia dawa ya maji, tamu kama sharubati,
inayompeleka yeye chooni mara nne
na mimi bombani na ndoo ya mashuka.

Bombani ndiko yaliko maneno.
"Shavu hilo, mama Tula?"
Nikasema mlango. Wiki iliyofuata, mlango tena.
Mlango gani huo, wakatazamana, wenye ngumi?
Jumapili wakaja akina mama wa jumuiya, watano,
kutusuluhisha.
Lutengano alikaa kwenye kochi, blanketi magotini,
macho rangi ya kiini cha yai,
akaomba msamaha kwa kosa alilosimuliwa.
Miaka thelathini na moja hajanikunjia ngumi hata ya utani.
Nilitaka kusema. Nikamimina chai.

Lutengano. Kwa lugha ya kwao, amani.
Bibi yake alimpa jina, hakumpa usingizi.

Nimejifunza mambo madogo.
Panga limehamia jikoni.
Godoro la wageni liko chini, upande wangu, la kuangukia.
Nimeshona mto mrefu, nikaujaza matambara,
nikaulaza katikati yetu kama kitindamimba.
Simwamshi kwa kumshika. Namwita kutoka mlangoni,
jina lake, na la baba yake.
Kucha namkata Jumamosi, juani,
maana mchana hulala kama mtu aliyelipwa.

Na kuna usiku, sitaficha, nilimchukia.
Nilikaa jikoni nikila kiporo cha viazi na chumvi,
nikamsikia akipigana peke yake,
nikasema: pigana.

Mwezi wa sita, umande umeganda kwenye majani ya viazi,
ndipo nikasikia neno zima, si mguno:
"Ruka, Chesco! Ruka!"
Na teke.

Chesco alikuwa utingo wake, enzi za lori la mbao,
kabla Tula hajazaliwa. Kijana wa Ifunda, mwembamba,
aliyepakata gogo la kuzuia tairi kama anapakata mtoto.
Hakuruka.
Lutengano aliniambia mara moja tu, akinawa mikono,
akaendelea kunawa mpaka birika likakauka.

Kumbe si kipigo.
Ananisukuma nje ya mlango wa lori
kabla halijafika kona ile.
Usiku ananiokoa,
asubuhi najipaka mafuta ya mgando kwenye michubuko.

Leo nimejilaza mapema kwenye godoro la chini.
Saa nane na robo mguu ukaanza kutafuta.
Sikuita jina lake, wala la baba yake.
Nilikohoa, nikaifanya sauti nzito,
ya kijana aliyekula moshi wa dizeli:
"Bosi, nimesharuka. Niko huku majanini. Tia gia ya pili."

Mguu ukasita.
Mikono ikazungusha usukani taratibu, ikazungusha,
ikauachia.
"Umeumia?"
"Kidogo."
"Subiri hapo," akasema. "Nashuka."

Basi nasubiri.
Nje mtu wa kiwandani anaburuta buti kwenda zamu ya alfajiri,
harufu ya misonobari iliyopasuliwa jana
inapita chini ya mlango.
Bado hajashuka. Anapumua.