Mahudhurio

Basi liliwashusha saa tano usiku, mvua ikiwa ile ya Tukuyu
isiyouliza mwezi.
Mama kashika kapu la mihogo, utadhani huku hakuna mihogo.
Baba kashika goti.
Siku mbili toka Voi, mpaka mmoja, mihuri minne,
na swali moja la mama njia nzima:
"Kwani kwetu watoto wa kufundishwa wamekwisha?"

Sikuwa na jibu. Niliwapa chai ya Katumba,
nikawafunika blanketi tatu.

Asubuhi nikawapeleka kazini.
Ukungu ulikuwa umemeza mlingoti, bendera na yote.
Nilikuwa nimewaahidi mlima Rungwe;
baba akatazama kilikoelekea kidole changu,
akaona weupe mtupu, akasema, "Ni mkubwa."

Kisha geti.
Mlinzi wetu, Anyosisye, alifungua mbawa zote mbili
kama anayepisha lori la mbolea.
"Ugonile," akamwambia mama. Mama akajibu kwa Kidawida,
wakaelewana vya kutosha.
Lakini baba alisimama.
Alivua kofia, akaegemea nguzo.
"Ninyi ingieni," akasema. "Mimi nitangoja hapa."

Ndipo nikakumbuka.
Miaka minne, kila mwanzo wa muhula,
alipanda hadi kwenye geti la shule yangu, Wundanyi,
nusu ya ada ndani ya bahasha ya dawa,
akaomba wiki mbili, akaomba tena wiki mbili,
akateremka bila kuliona dawati langu.
Katika elimu yote, geti ndilo alilolijua.

Mkuu wa shule akatoka na mwavuli:
"Mzazi! Karibu ndani, mzazi!"
Na baba, kusikia anaitwa mzazi,
akatia mkono mfuko wa koti,
akapapasa, akahamia mfuko wa pili,
anatafuta risiti.

Hakuna aliyecheka. Mimi niligeuka, nikaangalia migomba.

Kidato cha Pili B. Sitini na wawili, sweta za kijani,
pua zinachuruzika kwa baridi ya Mei.
Wakasimama: "Shikamoo babu! Shikamoo bibi!"
Bati likatetemeka.
Niliwakalisha nyuma, dawati la Tusajigwe,
aliyekuwa nyumbani na matumbwitumbwi.
Magoti ya baba yakagoma kuingia;
akakaa upande, kama abiria anayeshuka kituo kijacho.

Nikafungua daftari.
Mwaijande. Nipo. Mwaikambo. Nipo.
Mwakatundu, Mwakilembe, Mwasandube,
na kila "Mwa" nikamwona baba anainua kichwa,
yeye wa kina Mwakio, wa kina Mwanjala,
macho yakiuliza: hawa walihama lini kwetu?
Au ni sisi tuliohama?

Sijui kilichonipata. Orodha iliisha,
mdomo wangu haukuambiwa.
"Mwadime," nikaita.

Kimya. Mvua na bati.
Kisha dawati likalia, mtu mzima akasimama wima,
kofia kifuani.
"Nipo, mwalimu."

Siku hiyo tulikuwa kwenye milinganyo.
Nikawaonyesha namna namba inavyovuka kwenda upande wa pili,
na kwamba ikivuka ni lazima ibadili alama.
"Lazima?" akauliza mmoja wa mbele.
Lazima, nikasema, na mgongo wangu
ukahisi macho manne ya nyuma kabisa.

Jioni, nasugua sufuria, nikamuuliza mama
kazi yangu ameionaje.
Alikuwa ameisogeza miguu kwenye jiko la mkaa.
Akafikiri, zaidi ya nilivyopenda.
"Unaandika vidogo," akasema.
"Sisi wa nyuma hatuoni."

Waliondoka Alhamisi na mkungu mzima wa ndizi,
zawadi ya Anyosisye, ukiwa na kiti chake kwenye basi.

Tangu hapo naandika kubwa.
Chaki haifiki Ijumaa. Mkuu analalamika.