Kiti Kilichobonyea

Tulifika Masindi kabla kiwanja hakijafunguliwa.
Ezati alitaka hivyo. Trekta, alisema,
uikute ingali imelala.
Ukiikuta na joto, kuna mtu
amekwisha kuibembeleza gizani.

Nilibeba milioni kumi na tisa za kikundi
ndani ya mfuko wa unga, chini ya mihogo mikavu,
na majina ya wanawake thelathini na mmoja
kichwani, kila jina na deni lake.

Kabagambe alitupeleka moja kwa moja kwa ile nyekundu.
Rangi mbichi hata kwenye boliti,
hata juu ya tope ambalo hakuna aliyelikwangua.
"Mali ya mwalimu mstaafu. Imelima bustani tu."
Ezati hakujibu. Aliweka kiganja ubavuni mwa injini
kama anayepima homa ya mtoto,
akanitazama.
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ilikuwa na joto.

Akachomoa kijiti cha oili.
Kikatoka cheupe, chai ya maziwa.
"Hii inakunywa maji," akanong'ona,
akakifuta kwa suruali yake, akakirudisha taratibu,
kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Ya pili ilikuwa nyuma, karibu na choo:
Masi ya zamani, imechujuka hadi rangi ya kiazi,
taa moja, bomba la moshi limefunikwa kopo la siagi,
na chini yake doa jeusi la ukubwa wa sinia.
Nikasema, hii inavuja.
Ezati akacheka, mara ya kwanza tangu Kigumba.
"Mama Ayerango, ya zamani isiyovuja
haina cha kuvuja."

Ilikohoa mara tatu. Moshi mweusi, kisha wa kijivu,
kisha hewa tupu inayotetemeka.
Akazipitia gia zote; ya tatu ikalia kidogo.
Akainua jembe, sahani zote tatu, akazima injini,
akasema, tungoje.

Tukangoja. Tukanunua chapati, tukala.
Kabagambe akapiga simu mbili, akajikuna shingo.
Jembe lilikuwa bado hewani.
Langu mimi, la mpini, halijawahi kukaa juu
zaidi ya pumzi moja.

Ndipo akaniita nione kiti.
Kilikuwa kimebonyea upande wa kulia,
chuma kimeshuka kama bega lililochoka.
"Mvuta trela la miwa hukaa katikati, anatazama mbele.
Huyu alikuwa mlimaji.
Gurudumu la kulia ndani ya mfuo, shingo nyuma,
miaka yote, analichunga jembe lisikimbie."

Nikapanda. Nikakaa ndani ya umbo la mtu nisiyemjua,
kiuno chake, usingizi wake, labda na matusi yake.
Usukani ulikuwa umelainika pale penye kidole gumba.
Hapo hakuna aliyepaka rangi.

Tulibishana hadi jua likawa utosini.
Milioni kumi na saba na laki nne, pamoja na jembe,
pamoja na galoni moja ya dizeli niliyoidai kwa ukaidi tu.
Risiti niliiandika mimi,
maana kalamu ya Kabagambe ilikuwa imekauka.

Barabara ya Bweyale, baiskeli zilitupita.
Breki ya kushoto hakuna.
Nilikaa juu ya madigadi, mfuko wa unga mapajani,
nikihesabu kilichobaki: breki, pampu,
mpira wa nyuma usiofika Desemba.
Na wale thelathini na mmoja
walioota nyekundu, nitawaambia nini?
Labda nisiseme. Labda wapande mmoja mmoja,
wakae, kiti kiwaegemeze kulia.

Upande wa Karuma wingu lilikuwa limesimama.
Ezati aliliona kabla yangu,
akaongeza mafuta.