Hodi ya Kupita

Bakiri, nimerudi Chikongola na begi lile lile.
Kufuli sijalifungua. Ndani mna korosho kilo mbili,
ming'oko niliyoichemsha nikaianika juu ya bati,
na soksi za sufu nilizochagua mtumbani
kwa kuwa huko uliko, ulisema,
miguu ndiyo hutangulia kufa.

Dada wa kaunta pale Dar hakuwa na ubaya.
Alifunua ukurasa wenye viza yangu ya ndoa,
akapitisha kucha juu ya jina lako,
akasema: hii ni sawa, mama, huko mwisho mlango uko wazi.
Tatizo ni katikati.

Katikati wapi?

Pale ndege inapowashusha mngojee nyingine.
Saa tisa.
Nikamwambia mji wao siutaki.
Nitakaa kwenye benchi, nitakumbatia begi langu,
nikibanwa nitauliza choo kilipo.
Akasema hata hilo benchi lina viza yake.

Nilicheka, Bakiri, unisamehe.
Walio nyuma yangu kwenye foleni
wakadhani nimepata.

Maana mimi kuvuka nilianzia mgongoni.
Mama alinivusha Ruvuma usiku, kwa mtumbwi wa watu,
ncha ya kanga mdomoni mwangu nisilie,
kiboko akipumua karibu kama mzee mwenye pumu.
Ng'ambo ya huku, Kilambo, mtu alitumulika kwa kurunzi,
akauliza swali moja tu:
Mmekula?

Leo nimekwenda steshenari kwa yule kijana Nambunga.
Fomu ya kupita ina kurasa nyingi
kuliko fomu ya kufika.
Wanataka barua ya benki, nami benki yangu ni kopo.
Wanataka cheti cha ndoa, na jina lifanane.
Kwenye paspoti niliyoichukulia kwetu wameandika Muanacha,
kwa ule mkono wa Kireno.
Kwenye cheti sheikh ameandika Mwanasha.
Nambunga akauliza, sasa aliyeolewa ni yupi?
Nikamwambia andika wote wawili,
mmoja atapanda ndege, mwingine atasubiri benchi.
Hakuandika. Akaniangalia, akafuta, akaanza upya,
na kila karatasi aliyoitoa, mia mbili.

Siku ile ya ndoa tuliambiwa
mke ni vazi la mume, mume vazi la mke.
Wewe na kijitabu chako kipya unapita hapo katikati
ukipiga miayo, hakuna anayekutazama mara mbili.
Basi ni vazi gani hili
upande mmoja umevuka
na upande mwingine unapekuliwa?

Ipo njia nyingine, wakala kanipigia simu:
inazunguka, inalala mahali pawili,
huko hawaulizi, au wanauliza kidogo.
Nauli yake mara mbili ya ile.
Korosho ya baba yako bado iko ghalani,
stakabadhi nimeiona kwa macho, pesa sijaiona.
Mnada ukifika tutajua.
Usitume chochote. Lipa kodi yako ya nyumba kwanza.

Jioni nilikuwa nachambua mchele
watoto wa Bi Somoe walipokatisha uani kwangu
kama kila siku wakitoka chuoni,
kwa kuwa njia ya barabarani ina zunguko.
"Shangazi, tunapita!"
"Piteni."
Wala sikuinua kichwa.

Mdogo wao akarudi nyuma,
kandambili moja mkononi, akalitazama begi pale kizingitini.
"Si ulisafiri wewe?"
"Nilisafiri."
"Ukafika wapi?"
"Katikati."

Akatikisa kichwa kama anayepajua,
akawakimbilia wenzake.