Ningalipo

Mzee Elkana alinipa albamu yake
ndani ya bahasha ya hospitali,
ile ya kubebea picha za mapafu:
nyimbo tisa za mwaka wa sabini na sita
alizozighani badala ya kuziimba,
bendi ikimfuata nyuma polepole
kama watu wanaomsindikiza mgeni hadi langoni.
"Fanya unavyojua," akasema. "Ila usiniharakishe."

Kazi naifanyia chumbani, Umoja, ghorofa ya nne,
magodoro mawili yamesimamishwa ukutani
kuzuia kelele za muuza gesi na mitungi yake.
Kompyuta huchambua sauti kama kuku wa sikukuu:
kinanda huku, besi huku, ngoma kule,
na katikati, bila nguo, yeye:

    Moyo si nyumba ya kodi, kwamba waweza nitoa,
    sikuingia kwa hodi, wala kufuli kung'oa.

Nane kwa nane. Nilihesabu kwa vidole,
nikampa mdundo wangu, mia na ishirini na nne kwa dakika,
mizani yake ikakataa kuketi.
Ukwapi ukafika mapema, utao ukachelewa,
kina kikaanguka kando ya ngoma
kama mtu aliyekosa ngazi gizani.
Siku tatu nikamvuta, nikambana, nikamnyoosha.
Siku tatu akabaki Elkana.

Nikahamia kibwagizo:

    Nipo hapa, ningalipo, hata taa zikipoa.

Nikakata mkia wa neno, nikaurudiarudia:
po, po, po. Ngoma safi, ya kutikisa kioo.
Lakini kilichobaki upande wa pili wa wembe
kilikuwa ningali, ningali, ningali,
majuto yanayotafuta kitenzi:
ningalijua, ningalikaa, ningalimwambia.
Saa nane za usiku. Nikavua hedifoni.
Nani alinipa ruhusa ya kumjutisha mzee wa watu?

Nikaacha maneno. Nikaenda palipo pengo,
kati ya wimbo wa tatu na wa nne,
ambapo fundi alisahau kuzima mtambo:
pumzi. Mvua juu ya bati. Mtu akimeza mate.
Na mlio mdogo wa mbao, kwii,
niliousafisha, nikautia mwangwi,
nikauweka kwenye pigo la pili na la nne,
mahali pa makofi.

Alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa.
Alipoketi tu, stima ikapotea.
Kompyuta, asilimia kumi na moja.
Hedifoni nikamvisha juu ya kofia ya sufi,
maana kuivua alikataa.
Uso wake haukuniambia kitu.
Kisha kidole kikainuka. "Rudisha."
Nikarudisha. "Tena."
Nikadhani ni pale nilipomkata.
"Hicho kinacholia."
Ni mbao, nikasema, sijui ya nini.

"Ni kiti cha Dorika.
Alikaa pale ukutani, mimba ya miezi minane,
wamemwonya asitikisike,
naye anajigeuza kila nikikosea.
Kiti tulikiuza Gikomba mwezi uliofuata
kumaliza deni la studio.
Mwenyewe ana miaka kumi na tisa Lang'ata."

Lang'ata, yaani makaburini. Nilichelewa kuelewa.

Asilimia sita.
Nikasema nitakitoa, kama kinamuumiza.
Akacheka, kikohozi kikaimaliza cheko kwa niaba yake,
akazishika hedifoni kwa mikono miwili
kama mtu anayeshika sufuria ya moto.
"Ukitoe? Kipandishe.
Mimi ndiye wa kushushwa."

Nikamshusha kidogo kidogo
hadi akawa mtu anayeongea chumba cha pili,
na kiti kikaja mbele, kwii, kwii,
kikikosoa.
Skrini ikazima kabla sijahifadhi chochote.

Tukakaa gizani.
Akajigeuza kwenye kiti changu cha plastiki,
akasubiri.
Hakikulia.