Noti Mlangoni

Aliingia saa nne, mwavuli kwapani,
kanga za kisutu zimepauka kwa jua,
Bi Mwantumu Sekiete wa Barabara ya Kumi na Sita,
muuza mtindi na barafu za mia mia.
Dukani kwetu Ngamiani hakuna asiyemjua:
aliwahi kurudisha pasi mara tatu
mpaka tajiri akamwekea kiti chake.

Nikamkimbilia. Mwisho wa mwezi ulinikaba,
na kamisheni ya lile friji jekundu la milango miwili
ilitosha kodi ya chumba.
"Mama, hili lina kioo, lina taa ya buluu,
linatoa maji baridi bila kufunguliwa."
Akalitazama kama atazamwavyo mposaji
aliyekuja na manukato matupu.

Hakuuliza bei.
"Linakula yuniti ngapi kwa siku?"
Nikasema, kidogo tu.
"Kidogo ni ngapi?"
Akatoa daftari la shule, jalada limelowa samli:
yuniti za LUKU, tarehe kwa tarehe,
tangu mwaka aliofiwa na Mzee Mhina.
Hapa mgao. Hapa Ramadhani.
Hapa friji la zamani lilipoanza kukoroma
na kula umeme kama mgeni aliyekataa jembe.

Mkobani akachomoa bisibisi.
Akainama nyuma ya lile jekundu, magoti yakilia,
akatafuta skrubu. Hakuziona.
Kote kumegandishwa kwa gundi.
"Huyu akiugua," akasema, "anapasuliwa wapi?"
Tajiri akakohoa kwenye kaunta.
"Na mpira wa mlango, Singano anao?
Au nitaambiwa nisubiri meli?"
Nikatazama dari.
Feni yetu nayo imesimama tangu Idi.

Akatoa noti ya elfu moja,
akaifungia mlangoni, nusu ndani, nusu nje,
akavuta kwa vidole viwili.
Ikatoka kama ulimi wa mtoto.
"Na baridi itatoka hivi hivi
usiku kucha, mimi nimelala, nalipa."

Akaenda la pili, la tatu.
Kule pembeni, nyuma ya majiko ya gesi,
lilikuwapo jeupe moja,
kimo cha mtoto wa darasa la tano,
halina kioo, halina taa ya buluu,
nimelipangusa vumbi miezi saba
bila kulitazama usoni.
Akaifungia noti. Akavuta.
Akavuta tena.
Mlango ukaing'ang'ania
kama mkwe na ufunguo wa kabati.
Ndipo nikamwona akicheka, pengo moja, kushoto.

Skrubu nane, zote za bisibisi ile ile.
Akampigia fundi Singano wa Makorora,
akamsomea namba za kompresa
taratibu, kama anasoma hati ya kiwanja.
Sauti ikapasuka simuni:
"Hiyo naijua, bibi! Chukua!"

Ghali kuliko jirani yake, kwa elfu sitini.
Akapatana mpaka adhana,
akapunguziwa elfu nane na trei ya barafu.
Noti alizohesabu zilinuka mtindi.
Kamisheni yangu: nauli ya wiki,
na kahawa, kikombe, labda na kashata.

Jioni, tajiri akifunga mahesabu,
nikapita na elfu mbili yangu mlango kwa mlango
kama mwizi anayejaribu vitasa.
Lile jekundu sikulijaribu. Niliona haya, sijui kwa niaba ya nani.

Nyumbani Mabawa, friji la mama
limefungwa kiuno kwa mpira wa baiskeli.
Ndani, sahani moja ya dagaa, nusu limau.
Nikaufungua mpira, nikaipachika noti, nikafunga mlango.
Sikuivuta.
Ikaanguka yenyewe sakafuni.

Mama akaiokota, akaipangusa kwenye kanga.
"Ya LUKU hii?"
Nikamwambia, ndiyo.