Mkasi wa Kitambaa

Mkasi huu ni wa kitambaa.
Niliununua Arusha mjini,
duka la vifungo nyuma ya Soko Kuu,
nikaapa hautakata karatasi
wala ukucha wala shingo ya kuku.
Saa nne usiku. Komeo limeingia,
blanketi la msiba limeziba dirisha,
na mkasi wangu wa kitambaa
unakata majani.

Siku kumi na mbili matawi yamening'inia darini,
vichwa chini, kama popo wa kanisani.
Kila jioni Anaeli hupanda ngazi,
hukipeleka kijiti sikioni, hukikunja.
Kikipinda kimya, anashuka.
Jana kilisema ta.

Kwa hiyo tumekaa:
mimi, yeye, na wifi yangu Ndeoya
aliyekuja na mkasi wa saluni
na chupa ya chai ya tangawizi.
Jina hatulitaji. Tunasema mboga.
Tunasema ile kazi.
Marehemu mama mkwe alikuwa akisema ada,
kwa kuwa iliwasomesha wote sita,
hata yule aliyekuja kuwa mchungaji.

Shika kikonyo. Geuza.
Toa kwanza yale majani mapana, ya kujionyesha,
kisha vile vijani vinavyochungulia
kama ulimi wa mtoto anayejifunza kuandika.
Usikaze mkono. Ni kama kumnyoa mtu aliyelala.
Kinachobaki ni kidogo, kigumu,
kimejinyunyizia unga wake chenyewe.

Utomvu unapanda makali.
Mkasi unaanza kusema kwa kigugumizi,
kisha unakaa kimya, umeng'ata meno.
Mafuta ya kula, tambara, kisu.
Vidole vyangu vimegandana;
nikishika chai, kikombe hakitaki kuniacha.

Mbwa wa jirani akabweka.
Mikasi mitatu ikasimama hewani, midomo wazi.
Ndeoya akaipuliza taa.
Nje mtu akapita akiimba wimbo wa kwaya,
sauti ya pili, peke yake,
akijikwaa kila mwisho wa ubeti.
"Ni Loti huyo, anatoka kilabuni,"
na tukacheka gizani
muda mrefu kuliko kichekesho chenyewe.

Kahawa tuliing'oa mwaka wa pili wa hasara.
Ilikuwa ya babu yake Anaeli.
Visiki bado vinachipua nyuma ya choo
na hakuna anayevikata.

Kabla ya kengele ya usharika
pikipiki ilikuja bila taa,
ikaondoka na magunia mawili chini ya mikungu ya ndizi.
Nikanawa kwa majivu, kwa limau, kwa mchanga.
Meru ilikuwa imejifunika mpaka shingoni.
Nikafunua cherehani.

Mteja wa kwanza alikuwa Afande Nyamhanga
wa kituo cha chini, barabarani.
Suruali ya kaki, ipunguzwe urefu.
Nilipokata mguu wa kwanza
kitambaa kikagoma kuachana na chuma.
Akauchukua mkasi mkononi mwangu, taratibu,
akaunusa.
"Mama yangu," alisema, "naye alikuwa mshonaji."
Akaurudisha kwa adabu,
makali upande wake, mpini upande wangu.
"Iwe tayari Jumatano.
Alhamisi tunapanda huku."

Sikujua kama ni siku ya suruali
au ni kitu kingine alichoniachia mezani
pamoja na elfu tano, bila kudai chenji.
Nikautazama mgongo wake ukiteremka
kati ya migomba, bila haraka,
kama mtu anayeijua njia tangu utotoni.

Nikaupima mguu wa pili.
Nikachora mstari kwa chaki.
Mkasi ukashika kidogo,
ukaachia.