Chini ya Chungu

Mwaka mzima ufunguo wetu ulilala chini ya chungu cha maua,
hapa Winnipeg, mtaa wa Selkirk, nyumba ya pili kutoka kona.
Mimi naondoka zamu ya alfajiri, nauweka;
Mwanahamisi anarudi kutoka zamu ya usiku, anauchukua.
Hajui mtu, tukasema.
Siri ya wawili.

Novemba theluji ikaanguka.
Nyayo zake, nyayo zangu,
kutoka lango hadi chungu, kutoka chungu hadi mlango,
mstari umenyooka kama wa daftari la darasa la kwanza.
Mficha ufunguo, theluji humfichua.

Mwizi hakuvunja hata kioo.
Alisoma, akainama, akafungua,
akabeba kompyuta na zile pesa za kwenye kopo la unga
(nani asiyejua kopo la unga?),
akafunga mlango. Ufunguo akaurudisha chini ya chungu.
Hilo ndilo lililoniuma.

Petryshyn, fundi wa kufuli, akaja na jipya,
akalifumua mezani, akatuonyesha pini, springi, kila kitu.
Nikamwambia: shusha sauti, jirani atasikia.
Akacheka hadi akakohoa.
“Hili lipo dirishani dukani kwangu.
Mwizi akitaka, nitamfundisha lilivyoundwa.
Atabaki nje. Meno ya ufunguo huu hana.”

Chungu tumekiacha palepale.
Leo alfajiri nimekuta nyayo, si zetu:
zimekuja hadi chunguni,
zimesimama kidogo,
zimegeuka.